Kustaafu kwa marubani: neno la nahodha aliyetolewa majini na kikomo cha miaka 60

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Uzi huu nimeusoma tangu juzi, nikawa naandika na kufuta. Mleta mada ameuliza kwa nini rubani wa ndege ya abiria ashushwe kwa lazima akifikisha miaka 65 hata kama bado ana nguvu zake, ilhali hapa kwetu madaktari bingwa na maprofesa wameongezewa muda hadi 65, kupita ile 60 ya watumishi wengine, kwa sababu tu ya uzoefu wao. Karibu wote mmemuunga mkono kwa hoja moja: apimwe afya, akifaulu aendelee, akifeli akae pembeni.

Hoja hiyo ya "apimwe" ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi nilipimwa, nikafaulu, na sikustahili kushika usukani.

Niliendesha boti ya kampuni binafsi kwa miaka 22, kupeleka mafundi na mizigo yao kwenye kazi za baharini na kuwarudisha gatini. Si ndege, najua. Lakini kwetu Mikindani neno rubani lilikuwa la majini kabla halijapanda angani. Rubani alikuwa mtu anayejua fungu limelala wapi maji yakijaa, anayekiingiza chombo bandarini huku nahodha mgeni akimsikiliza. Kazi ni ileile: roho za watu nyuma yako, giza mbele yako, na uamuzi wa sekunde chache.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa, maana humu zimechanganywa. Kikomo cha 65 ni cha ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, na kinahusu safari za biashara zinazovuka mipaka. Zamani kilikuwa 60. Mwaka 2006 kikapandishwa hadi 65 kwa sharti kwamba mmoja wa marubani wawili awe chini ya 60, na mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa. Marekani walikuwa na 60 yao tangu 1959, wakaipandisha hadi 65 Desemba 2007. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la huko lilipitisha 67, lakini sheria iliyotoka Mei 2024 ikaiacha 65 palepale. Mwaka 2025 mashirika ya ndege kupitia IATA, chama chao cha kimataifa, yalipeleka ombi la 67 kwenye mkutano mkuu wa ICAO kule Montreal, halikukubaliwa. Kwa safari za ndani kila nchi ina lake: Kanada na Australia hazina kikomo cha juu, na Japani wanaruhusu hadi 67.

Kwa hiyo anayesema namba hizi ni makubaliano tu ya watu, nakubaliana naye. Hakuna mwili unaoharibika usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa. Na aliyetaja ile ndege ya Continental, shirika la Marekani, ya Juni 2009, kutoka Brussels kwenda Newark, amesema kweli: kapteni wa miaka 60 alifariki angani, marubani wenzake wakaishusha salama. Ndiyo maana kifo cha ghafla siyo kinachonitisha. Kifo cha ghafla kila mtu anakiona. Mimi naogopa kile kinachoingia taratibu, hata mwenyewe usijue umekipokea lini.

Ilikuwa Julai 2018, kusi limekaza, mwezi haupo. Nilikuwa na miaka 58. Tunarudi, saa mbili usiku imeshapita, nyuma nina watu kumi na wawili, wengine wamelala wamejifunika makoti. Mbele yetu kulikuwa na taa za wavuvi wa dagaa, nyingi, zimetapakaa kama soko la usiku. Kwa miaka mingi nilipita katikati ya taa zile bila wasiwasi, kwa sababu jicho langu lilikuwa linaona taa, halafu linaona na giza lililo kati ya taa na taa. Usiku ule taa zilikuwa na manyoya. Kila moja imezungukwa na ukungu mweupe, na baina yake sioni kitu. Nikajiambia ni chumvi kwenye kioo. Nikafuta kioo kwa kiganja. Haikuwa chumvi.

Msaidizi wangu alikuwa kijana wa miaka 29, amesimama kulia kwangu. Akakohoa. Nikasikia anakohoa mara ya pili. Halafu akasema taratibu, "Mzee, kama kuna mtumbwi pale." Nikatazama, sikuona mtumbwi, nikamjibu, "Pale wapi?" Hakujibu. Alinyoosha mkono akaushika usukani, akauzungusha kushoto huku mkono wangu ungali juu yake.

Mtumbwi ulipita ubavuni mwetu, umbali wa kafi mbili hivi. Hauna taa. Ndani yake mzee mmoja, mkubwa kuliko mimi, ameshika nyavu zake kwa mikono miwili, hata hakupata muda wa kuziachia. Wimbi letu lilimmwagia maji kifuani. Nilimwona usoni kwa sababu taa yetu ya pembeni ilimpiga. Hakupiga kelele. Mpaka leo namwona.

Tulipofunga kamba gatini, yule kijana aliniomba radhi. Wakuu, yeye ndiye aliyeomba radhi! Alisema, "Samahani Mzee, nilikushikia usukani." Nami nikaipokea radhi yake, nikamwambia yamekwisha, na sikumwambia kwamba sikuuona.

Wiki tatu baadaye nikaenda kupimwa, ule upimaji wa kila mwaka. Chumba kina madirisha makubwa, saa nne asubuhi, jua linawaka. Nikasoma herufi za ukutani hadi mstari wa pili kutoka chini. Presha sawa, sukari sawa. Daktari akaniuliza kama nina tatizo lolote, nikasema hapana. Akasaini. Hakukosea, kwa sababu alipima nilichompelekea. Nilikuwa na mtoto wa jicho anayeanza, macho yote mawili, na mchana hakunisumbua kabisa.

Kwa nini nilisema hapana? Binti yangu wa mwisho alikuwa mwaka wa kwanza chuo kule Dodoma. Nyumba ya Chuno ilikuwa imefika kwenye lenta. Na mwaka ule, mnaokumbuka, kila kijiwe kilikuwa na kelele za kikokotoo cha mafao ya kustaafu, mtu hajui atapewa mkupuo kiasi gani, anachojua ni kwamba mafao yanapigwa kwa mishahara ya miaka ya mwishoni. Kuacha kazi mapema kwa hiari yangu ilikuwa kama kukata mkorosho uliotoa maua. Nilihesabu miezi iliyobaki, ilikuwa kumi na minne, nikasema nitaendesha kwa uangalifu. Nikawa najipangia zamu za mchana kwa visingizio, na za usiku zilizonishinda kukwepa nikaziendesha kwa kumtegemea yule kijana bila kumwambia kuwa namtegemea.

Septemba 2019 nikafikisha 60 na kampuni ikanitoa. Kikomo ndicho kilichonitoa. Dhamiri yangu haikunitoa, daktari hakunitoa. Nilipewa maneno mazuri na saa ya ukutani, nikaondoka kwa heshima, bila mtu kuthibitisha mbele ya watu kwamba sifai. Ukiondoa kikomo, au ukikisogeza tu na kuacha kila kitu kwenye vipimo, basi kila mzee itabidi akamatwe ndipo atoke. Na sisi wazee wa kazi tunajua kujificha. Tunayajua maswali yote, tunajua daktari anauliza nini, tunajua kazi gani tuikwepe siku gani.

Najua rubani wa ndege anachunguzwa kuliko mimi mara nyingi. Mtoto wa dada yangu ni rubani msaidizi, na nilimuuliza haya yote alipokuja likizo. Akanieleza kwamba cheti cha afya daraja la kwanza ni cha mwaka mmoja, na ukivuka 60 katika kazi ya abiria kinakuwa cha miezi sita. Pia kuna simuleta, ile mashine ya kuigizia safari, wanazimiwa injini, wanawashiwa moto, na mkaguzi amekaa nyuma yao anaandika. Ni mitihani ya haki, naiheshimu. Lakini nikamuuliza, "Kule kwenye simuleta mtu anakuja amelala vizuri?" Akacheka, akasema, "Mjomba, kule kila mtu anakuja amesoma usiku kucha." Ndiyo hoja yangu. Mtu akiwa mtihanini anakupa kilicho bora alichonacho. Hali yake ya saa tisa usiku, safari ya nne ya wiki, mvua na upepo wa ubavuni, inaonekana na mmoja tu: aliyekaa kiti cha pembeni.

Na huyo wa pembeni ni nani? Ni kijana. Hapa ndipo sisi Waswahili tuwe wakweli zaidi ya wenzetu. Kijana wetu akimwona mzee anakosea, anakohoa kwanza. Tumewalea hivyo na ni malezi mazuri nyumbani. Kwenye chumba cha marubani kukohoa mara mbili ni sekunde tano. Kule uwanja wa Tenerife, Hispania, Machi 27, 1977, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia: mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka kwenye njia. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuna aliyemzuia tena. Watu 583 walikufa. Kapteni yule hakuwa mzee, alikuwa na miaka 50, lakini alikuwa mkubwa wao kwa jina na cheo, na ukubwa pekee ulitosha kuwafunga wenzake midomo. Baada ya ajali za namna ile ndipo dunia ikaanza kuwafundisha marubani wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Sasa chukua ukubwa ule, ongeza mvi, ongeza shikamoo. Rubani wa miaka 67 na msaidizi wa miaka 25 wana pengo la umri la babu na mjukuu.

Kuna ndugu kamtaja Sullenberger aliyeishusha ndege kwenye mto Hudson mwaka 2009 na watu wote 155 wakapona, na Al Haynes wa ajali ya Sioux City ya 1989, ambako 184 walipona katika ndege isiyo na usukani. Ni mifano mizuri ya thamani ya uzoefu. Ila wote wawili walikuwa na miaka 57. Hakuna kikomo kinachojadiliwa hapa ambacho kingewazuia.

Suala la wazee kuwakalia vijana viti vya kazi ni la kweli, mpwa wangu analilalamikia, ila kwangu si la kwanza. Kazi haigawiwi kama pilau ya maulidi. Usalama ndio unitoshe.

Mimi ningeacha 65 ilipo kwa wanaobeba abiria. Na ningeanzia kule ambako mimi nilidanganya, yaani kwenye mfuko. Marubani wengi duniani wana bima ya kupoteza leseni: afya ikigoma, analipwa. Bima hiyo ikiwa nono na ya uhakika kwa kila rubani wetu, mtu wa miaka 56 atamwambia daktari ukweli wake mchana kweupe. Asiye na hofu ya ada ya mtoto hana sababu ya kuficha jicho. Halafu hao wa 65 wapelekwe simuleta kufundisha, kwa mshahara wa maana, maana kiti cha mwalimu wa simuleta hakihitaji mtu wa chini ya 65. Uzoefu wao tunauhitaji sana.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwaka 2020 nilitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto miezi mitatu baadaye. Usiku wa kwanza baada ya la pili nilikwenda ufukweni Shangani nikahesabu taa za wavuvi, na giza lilikuwa limerudi mahali pake kati ya taa na taa. Kampuni ilinitaka nirudi kwa mkataba. Nilikataa usukani, nikakubali kufundisha. Yule kijana ndiye nahodha sasa. Siku ya kwanza nilipanda botini kwake nikasimama kulia kwake, nikamweleza mbele ya vijana wenzake kwamba Julai ile sikuuona mtumbwi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua, Mzee. Sikujua nianzie wapi."