Mfarishi wa khanga ujazwe nini: Tanga na Lushoto si baridi moja

Mama mwenzangu, umeuliza kama unaweza kushona mfarishi mmoja wa khanga, yaani kifuniko cha kulalia chenye kujazwa ndani, mtoto ajifunike likizoni Tanga na auchukue bwenini Lushoto, na ndani utie nini kati ya pamba, sufi (ile pamba ya mti wa msufi) uliyopewa na ile poliesta nyeupe inayouzwa kwa mita. Nimekulia Lushoto, nikaolewa Tanga, na mifarishi nashona mwenyewe. Hili limenikuta kote kuwili.

Mimi huanza na swali la kukauka. Dukani tunabonyeza, tukiona laini tunalipa, halafu siku ya kufua ndiyo tunajua tumenunua nini. Mfarishi wangu wa kwanza hapa Tanga niliujaza pamba nene. Kujifunika ulikuwa raha, maana pamba hunywa jasho na hupitisha hewa. Nikaufua mwezi wa Mei, masika hayajakatika. Ulipolowa sikuweza kuunyanyua peke yangu. Wifi yangu alishika ncha moja, mimi nyingine, tukaupota mpaka viganja vikauma. Siku ya tatu juu ulikuwa mkavu, lakini ukiubana katikati unasikia ubaridi ndani. Siku ya tano vidoadoa vyeusi vya kuvu vikatokea kwenye mishono, na ile harufu haikutoka tena.

Pamba naitumia mpaka leo, ila nyembamba. Kwa Tanga, katikati ya khanga mbili weka shuka zito la pamba au blanketi jembamba la pamba la mtumba, basi. Hata kipupwe cha Julai hapa pwani hakidai zaidi ya hapo. Poliesta kwa pwani siipendi: hainywi jasho, na usiku wa joto mtoto ataupiga teke ulale chini.

Lushoto ni habari nyingine. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni mpaka Agosti usiku unauma, na asubuhi ukungu unakaa juu ya kamba ya nguo. Na bwenini anayefua ni mtoto, kwa ndoo, tena peke yake. Hapo poliesta inashinda: nyepesi, inashika joto, na haibaki na maji mengi. Sufu ya kondoo ingekuwa bora zaidi kwa baridi, kwa sababu hata ikipata unyevu bado inatia joto, lakini ni shida kuipata, na ukiifua kwa maji ya moto inagandamana.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeshona miwili myembamba badala ya mmoja mnene. Wa kwanza wa pamba, wa pili wa poliesta, kila pembe utie utepe wa kufungia. Tanga anajifunika ule wa pamba peke yake. Lushoto anafunga yote miwili pamoja, na hewa inayokaa katikati nayo inaongeza joto. Kufua anafua mmoja mmoja.

Sasa kitambaa, maana hapa ndipo nilipopoteza pesa. Khanga nyingi ni nyepesi na nyuzi zake hazijabanana sana. Poliesta isiyogandishwa vizuri, yaani nyuzi zake hazijashikana, hupenyeza vinywele, na baada ya miezi michache khanga yako nyeusi inaonekana kama imelaliwa na paka mweupe. Usivivute! Ukivuta kimoja kinakuja na wenzake. Vikate kwa mkasi. Kabla ya kununua, beba kipande cha khanga yenyewe, kizungushie ile poliesta, kisugue kwa kiganja kama unayefikicha nguo, kisha kitazame kwenye mwanga. Vikitokea vinywele, tafuta nyingine. Ule wa poliesta mimi ningeushona kwa kitenge, kwa sababu kimebanana zaidi, na khanga ningeziachia ule wa pamba.

Vipimo: khanga moja ni karibu sentimita 150 kwa 110. Ukiunga mbili za doti moja kwa ule upande mrefu unapata kama 220 kwa 150, inayotosha kitanda cha futi tatu kwa sita na kuning'inia pembeni. Kwa hiyo doti mbili ni juu na chini. Zifue kwanza, zitoe wanga na zirudi mapema. Yenye nyekundu nzito iloweke peke yake na kitambaa cheupe, uone kama inachuja. Shuka au blanketi la kati nalo lifue, la sivyo litarudi likiwa ndani na mfarishi wote utakunjamana.

Ukishatandika matabaka matatu, piga bandi, ule mshono wa muda wa mkono, kuanzia katikati kwenda nje, ndipo uende kwenye cherehani. Pamba ya kuchambua, kama utaitumia, inataka mistari ya karibu, vidole vinne hivi, ama sivyo ikifuliwa inakimbilia pembeni. Poliesta iliyogandishwa inavumilia hata shubiri nzima. Pasi iwe ya uvuguvugu, kwani poliesta huyeyuka.

Na ile sufi uliyopewa, usiitie kwenye mfarishi. Ni nyepesi na maji hayaiingii kwa urahisi, lakini ni telezi, haikamatani. Ukifua inajikusanya mabonge, na kwenye khanga itatoka kila mahali. Mshonee mtoto mto. Mfuko wa ndani uwe wa mardufu, kile kitambaa kizito cha pamba, iliyobanana, ushone mara mbili, foronya juu yake ndiyo ifuliwe. Jaza nje mahali pasipo na upepo, ufunge kitambaa puani, na jiko liwe mbali kabisa, maana sufi inashika moto haraka sana.