Moteri ya kano ikikataa kuwaka, fungua buji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kano, yaani mitumbwi ya moteri, hapa Bukavu, ninawaandikia kwa sababu kila wiki ninaona jambo lilelile pale bandarini Muhanzi. Kano imejaa abiria wa kisiwa cha Idjwi, moteri imekataa kuwaka, na kijana amesimama nyuma anavuta kamba. Anavuta mara ishirini, thelathini, mpaka viganja vinachubuka na akina mama wanaanza kuulizana kama washuke. Mnaumia bure, na moteri mnazidi kuilowesha.

Mimi nikimkabidhi mtu moteri ninampa siku hiyohiyo na kle ya buji, yaani spana ya kufungulia ile plagi inayotoa cheche. Ninamwambia: umevuta mara sita na bado imenyamaza? Acha kamba, fungua buji, uiangalie.

Kuna mambo matatu ya kutazama kabla ya hapo, na hayachukui hata nusu dakika. Klipu ya ile kamba nyekundu ya usalama iko mahali pake? Gia iko katikati? Skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi imelegezwa? Hiyo ya hewa ina dalili yake: moteri inawaka vizuri, mnaondoka, na baada ya dakika chache inazimika katikati ya maji, kwa sababu tangi linanyonywa na hewa haiingii. Ukilegeza skrubu unasikia tangi likivuta pumzi.

Sasa buji. Itoe, uiweke kiganjani, ugeuke ili kivuli chako kisiifunike. Tazama ncha. Kama ni kavu, esansi (petroli) haijafika kwenye silinda. Kama imelowa na inanuka esansi, mafuta yamefika, hata kupita kiasi, na cheche ndiyo ya kushukiwa. Ukiona kitone kinachong'aa kimesimama peke yake kwenye ile kauri nyeupe ya ncha na hakisambai, hayo ni maji. Hapo tayari unajua uende upande gani, kabla hujagusa karburateri, kile kinachochanganya esansi na hewa.

Buji kavu, fuata njia ya esansi kuanzia tangini. Shika ule mpira wa kubonyeza ulio kwenye tuyo, bomba la esansi, mshale wake uelekee juu, ubonyeze. Unatakiwa uwe mgumu mkononi. Ukibaki laini hata baada ya kubonyeza sana, na tangi lina mafuta, tuyo inanyonya hewa mahali fulani. Mara nyingi ni kile kipete cha mpira ndani ya kiungio kinachoingia kwenye moteri. Kimechanika au kimekauka. Usingoje kuona esansi ikidondoka, maana tundu linaloingiza hewa si lazima livujishe mafuta. Mpira ukiwa mgumu na buji bado kavu, shida iko kwenye karburateri: sindano imeganda au jikleri, kile kishaba chenye tundu dogo la kupitishia esansi, imeziba.

Jikleri huziba kwa sababu ya melanji, yaani esansi iliyochanganywa na oili, iliyolala humo. Esansi inaruka, oili inabaki na kuwa kama gundi. Moteri itakayokaa wiki mbili bila kazi, chomoa tuyo ikiwa bado inawaka majini, uiache imalize yaliyomo mpaka izimike yenyewe. Na mkisafisha jikleri, tafadhali, msiingize waya wa chuma. Shaba yake ni laini, tundu likipanuka, moteri itakunywa esansi kupita kiasi milele. Tumieni hewa ya pampu, au kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia.

Buji iliyolowa ndiyo tunayoiona zaidi huku kwetu, na sababu moja ni mahali tunapoishi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na moteri nyingi zimepangwa kiwandani kwa ajili ya kule chini baharini. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kwa kiasi kilekile cha esansi moteri inapata hewa pungufu. Inapoteza nguvu karibu asilimia 15, na buji zinakuwa nyeusi haraka. Fundi anayejua kazi anaweza kuweka jikleri ndogo zaidi. Lakini ninyi mnaoendesha, jifunzeni kwanza kuheshimu stata, kile cha kuvuta kinachobana hewa ili moteri baridi ipate esansi zaidi. Asubuhi moteri ikiwa baridi, vuta stata. Ikikohoa mara moja, irudishe. Moteri yenye joto haihitaji stata.

Hilo nilijifunza nikiwa msaidizi. Tulishusha watu upande wa Idjwi saa nane mchana, upepo umeanza, na mzee niliyekuwa naye alikuwa anapokea nauli mbele. Nikavuta stata kama nilivyozoea asubuhi. Moteri ilikuwa ya moto bado. Nikavuta kamba, nikavuta, na mawimbi yanatusukuma kwenye mawe. Mzee alikuja bila neno, akampa abiria mmoja pagai (kasia), akafungua buji zote mbili. Zilikuwa zinadondosha. Alizifuta kwa kitambaa, akarudisha stata ndani, akabandua klipu ya usalama ili kusiwe na cheche, akavuta kamba mara sita matundu yakiwa wazi. Ule unyevu ulitoka kama moshi mweupe. Akarudisha buji, akafungua gazi (akseleta) kiasi, na kwa mvuto wa pili ikawaka. Mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuyagusa kwa pagai. Tangu siku hiyo sijawahi kuvuta stata kabla ya kuweka kiganja juu ya moteri.

Kama buji imekaushwa na bado hakuna kitu, pima cheche. Irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse mwili wa moteri, mbali na tundu la silinda na mbali na bidoni (dumu) ya esansi. Usiishike kwa mkono mtupu. Mwenzako avute kamba nawe utazame kivulini: cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia. Hakuna cheche? Weka buji mpya kwanza, halafu kausha nyaya. Ikiwa bado, mpelekee fundi. Chini ya gurudumu la kamba msiguse kama hamna vifaa.

Nirudi kwenye maji. Esansi ya Kadhafi, yaani muuza esansi wa kando ya barabara, huja kwenye bidoni ambazo zimepita mvua na mikono mingi. Mimi ninamimina kidogo kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuiacha itulie dakika kadhaa. Maji yanashuka chini na mstari unaonekana wazi. Ikinuka mafuta ya taa, ninamrudishia muuzaji. Melanji nayo ipimwe kwa kipimo, isikadiriwe kwa jicho. Kwa moteri nyingi za mipigo miwili tulizonazo ni lita 1 ya oili kwa lita 50, yaani mililita 400 kwenye bidoni ya lita 20. Someni kitabu cha moteri yenu kwanza, na moteri mpya inataka oili zaidi katika saa zake za mwanzo. Wako wanaoongeza oili wakidhani wanaongeza nguvu. Wanachafua buji tu. Kuipunguza ni hatari zaidi, pistoni inashika. Nunueni chupa iliyoandikwa TC-W3, ya moteri za majini.

Ikiwaka, kabla ya kusukuma gia, geuka utazame kama inakojoa maji, yale ya kuipoza. Isipokojoa, izime palepale.

Na kwenye kisanduku chako cha nyuma kusikose kle ya buji, buji mbili zilizofungwa kwenye nailoni, kitambaa kikavu, bisibisi, kamba ya akiba na kipete kimoja cha kiungio. Pagai mbili zikae juu, si chini ya mizigo.