Ukitafuta Kahawa Nzuri Ugenini, Soma Pakiti Kwanza

Tangu niweke picha za safari yangu ya Oslo, Norwe, maswali mnayoniandikia karibu yote ni ya aina moja. Juzi dada mmoja anayekwenda Copenhagen kwa masomo mafupi ameniuliza: "Kaka, nitajuaje duka lenye kahawa ya kweli na si la kuvutia watalii tu?" Nimeona nimjibu hapa hapa, maana najua wengi wenu mna ndoto za kusafiri na hampendi kulipia maji ya moto yenye rangi.

Mimi ni mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro. Mkoa wetu umelima kahawa tangu wamisionari Wakatoliki walipoipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na nyumbani kwetu ilisimama chini ya migomba kama kwa jirani yeyote. Nimezungusha mashine ya mkono ya kumenyea kabla sijajua kusoma. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, tena kwa kuchelewa, kwa sababu malipo ya pili ya kahawa yalikuwa yanakuja chama cha ushirika kinapojisikia. Kwa hiyo kahawa kwangu si fasheni.

Siku ya kwanza Oslo niliingia duka lililo jirani na hoteli. Punje zilikuwa zimekaangwa mpaka zinang'aa mafuta, na kikombe kilikuwa kichungu tu, hakina kingine. Nikamuuliza kijana wa kaunta kama wana kahawa ya Tanzania. Akajibu bila kuinua macho kwamba ya Tanzania wao huchanganyia tu. Neno hilo liliniuma, na hata ninapoandika hapa bado linaniuma.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Grünerløkka, kwa Tim Wendelboe. Huyu ni Mnorwe aliyekuwa bingwa wa dunia wa mabarista, yaani watengenezaji kahawa wa dukani, mwaka 2004, na duka lake alilifungua mwaka 2007. Ni duka dogo. Kabla ya kuagiza nilichukua pakiti moja nikaisoma: Kenya, Nyeri, jina la kiwanda kilichoiosha, aina ya mbegu, tarehe iliyokaangwa. Nikaomba ya kuchujwa, bila maziwa, bila sukari. Ilikuja nyepesi, rangi karibu na ya chai ya rangi. Ilipoanza kupoa ikatoa uchachu mtamu wa zambarau zilizoiva, ukabaki ulimini hata baada ya kumeza. Bei yake ingeninywesha kijiweni Kariakoo mwezi mzima, na sikujuta hata kidogo.

Mbegu iliyoandikwa kwenye pakiti ile ni SL28. Dunia nzima inaijua kama fahari ya Kenya, na ni haki yao, wameitunza. Lakini asili yake ni kwetu. Mwaka 1931 ofisa wa Maabara ya Scott ya Kenya alizuru Tanganyika, akaona upande wa Monduli mibuni inayovumilia ukame, akachukua mbegu. Humo ndimo SL28 ilimochaguliwa miaka ya 1930. Nilimsimulia barista. Aliacha alichokuwa anafanya akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanimiminia nyingine nionje.

Kwa nini basi Nyeri ilikuwa rafuni na Kibosho haikuwepo? Nyeri mkulima anapeleka matunda mekundu kiwandani siku ile ile aliyochuma. Yanachaguliwa, yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja mahali pamoja. Kwetu kaya nyingi zimezoea kumenya nyumbani, kila mtu kwa maji yake na kwa saa zake, halafu mzigo wote unachanganywa. Ya mama yangu aliyechagua tunda kwa tunda inalala gunia moja na ya aliyechuma mabichi. Wanangu wa Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, tusikasirike tukiambiwa hili. Tumenyeni pamoja, na chama kimlipe zaidi anayechuma mekundu.

Sasa dada yangu, ukifika Copenhagen anza na duka la Coffee Collective pale mtaa wa Jægersborggade. Nao kahawa za Nyeri wanazijua vizuri. Ukienda mji mwingine, usishike nyota za kwenye simu, shika pakiti. Ikiwa imeandikwa "Afrika" tu, ondoka. Ikitaja wilaya, kiwanda au mkulima, mbegu na tarehe ya kukaangwa, kaa. Iwe imekaangwa wiki chache zilizopita, si miezi. Agiza nyeusi kwanza, maziwa baadaye, na usiimalize ikiwa moto. Kisha muulize barista yeye mwenyewe akiwa mapumziko hunywa wapi. Hapo utapata duka la pili na la tatu bila kutafuta. Nenda mapema, mengi ya maduka haya hufungwa jioni mapema. Ukinunua ya kuja nayo, chukua punje nzima, usikubali wakusagie.

Na kila duka utakaloingia, uliza kama wana ya Tanzania. Uliza kwa sauti, hata ukijua hawana. Wanunuzi wao huandika wateja wanachoulizia.