Kolesteroli imeshuka, mbona daktari bado ana wasiwasi?

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari wa baba yako anahofia uvimbe wa ndani ya mishipa ya moyo ilhali kolesteroli imeshuka. Hofu hiyo ina msingi: chembe nyeupe za damu zinazoingia katika ukuta wa mshipa kumeza mafuta huchochea kinga ya mwili, na uvimbe unaotokea hudhoofisha gamba linalofunika mafuta hayo, hata likapasuka na damu ikaganda. Utafiti wa CANTOS wa mwaka 2017, uliojaribu dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo kanakinumabu, ulipunguza mishtuko ya moyo bila kushusha kolesteroli, ingawa, na hili si dogo, vifo vya maambukizi viliongezeka. Baba asiache statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, wala asijinunulie ibuprofeni, dawa ya maumivu na uvimbe, akidhani itasaidia, kwani yaweza kuudhuru moyo. Amwulize daktari kuhusu kipimo cha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, na dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo kolichisini, mradi figo zake ziwe nzima.