Brigid mungu, Brigid mtakatifu: nichanganye?

Ndugu, unauliza kama ni kosa kumwendea Brigid, mungu wa kike wa Wagaeli wa kale (watu wa Ayalandi na Uskoti), kwa sala za Kikatoliki za mtakatifu Brigid, mwenye jina hilohilo. Mimi sioni kosa. Desturi zake nyingi zimetufikia kupitia mikono ya Wakristo wa Ayalandi: mkesha wa Februari 1 watu huacha kitambaa nje ili Brigid apite akikibariki, kisha hukitunza kwa ajili ya wagonjwa, na msalaba wake husukwa kwa nyasi za kinamasi. Ukitupa kila chenye harufu ya kanisa, utabaki na nini? Ila kuchora duara na kuita pande nne za dunia katika ibada, hiyo ni Wicca, dini mpya ya kipagani ya Uingereza ya karne ya 20. Ukipenda fanya, lakini usiwaambie watu ni mapokeo ya Kigaeli.