Ndoa ya Serikali Nairobi, Harusi ya Kanisani Ujerumani: Jibu kwa Mlioniuliza

Binamu yangu alifunga ndoa ya kiserikali mwaka huu katika Jumba la Sheria, Barabara ya Harambee, na mumewe amekwisha kurudi kazini Ujerumani huku yeye akisubiri viza ya kumfuata. Sasa mama yake, shangazi zetu na wanajumuiya wenzake wa mtaa wa Umoja, Nairobi, wameniandikia, kwa kuwa ninaishi karibu na Köln na mimi mwenyewe nilipita njia hiyo hiyo, wakitaka kujua kama harusi ya kanisani inaweza kufungwa huku badala ya Nairobi, kama kufanya hivyo ni rahisi kuliko huko, na kama wao watapata nafasi ya kuihudhuria. Ninawajibu wote kwa pamoja, na nitayasema mambo yalivyo, pamoja na yale ambayo sisi tulio nje huwa tunayapamba tunapopiga simu nyumbani.

Inawezekana, bila shaka yoyote. Ila wengi hudhani kwamba harusi ya ughaibuni hupangwa ughaibuni, kwa kuwa kanisa liko huku, padri yuko huku na bwana harusi yuko huku, ilhali karatasi zinazoiwezesha ziko Kenya, na nyingine haziko hata Nairobi bali katika parokia za mashambani ambako mtu alibatizwa akiwa mchanga. Anayesafiri bila kuzishughulikia hulazimika kuwatuma watu akiwa mbali, na kila anayetumwa ana shughuli zake.

Kwanza tuelewane kuhusu ndoa iliyopo. Cheti cha Msajili ni halali kabisa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na ndicho ubalozi utakachokitazama unapotoa viza ya mke kumfuata mume. Kutoka Jumba la Sheria hadi Basilika ya Familia Takatifu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini kwa Kanisa hizo ni safari mbili tofauti. Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa inamtaka Mkatoliki afunge ndoa mbele ya askofu wa mahali, paroko, au padri au shemasi aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili, na sharti hilo lina chimbuko lake katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ambao mwaka 1563 ulitaka kukomesha ndoa za siri zilizokuwa zikikanwa na upande mmoja baadaye. Kwa hiyo Wakatoliki wawili waliokwenda kwa AG peke yake, yaani kwa Msajili wa ndoa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu pale Jumba la Sheria, hata wakiwa na cheti chenye mhuri, bado hawajaoana machoni pa Kanisa, na ndiyo sababu wanaombwa wasipokee Komunyo mpaka ndoa hiyo ifungwe kanisani. Shangazi aliyeuliza kama padri hawezi tu kukinyunyizia cheti maji ya baraka, jibu ni hapana: watasimama na kupeana ridhaa yao upya, na ndoa ya Kanisa itahesabiwa tangu siku hiyo.

Katika jambo hili Ujerumani inamwepusha mtu na maswali fulani. Nairobi, padri mwenye leseni akifungisha ndoa kanisani, ndoa hiyo inatambuliwa na serikali pia, na kwa hiyo wanaotangulia kwa AG huonekana kama watu wanaokimbia kitu, na paroko huwauliza sababu. Huku, tangu mwaka 1876, sheria ilitaka ndoa ya serikali itangulie ile ya kanisani. Sharti hilo liliondolewa mwanzoni mwa 2009, lakini Kanisa lenyewe bado kwa kawaida linataka kuona cheti cha serikali kwanza. Kila wachumba wanaofika ofisi ya parokia wamekwisha kuoana kwa msajili au wana tarehe ya kwenda huko, na hakuna atakayemkunjia uso binamu yangu.

Sasa karatasi. Mtu hufunga ndoa katika parokia anakoishi mmoja wao, na mwezi mmoja wa kuishi mahali unatosha, kwa hiyo parokia ya mumewe ndiyo itakayowahudumia. Paroko wa hapo huketi nao na kujaza fomu ndefu ya matayarisho ya ndoa, akiwauliza kama kila mmoja yuko huru, kama wanakubali kwamba ndoa ni ya wawili tu na haivunjwi, na kama wanapokea watoto. Atataka cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi sita iliyopita. Ile kadi ya ubatizo iliyohifadhiwa kwenye nailoni tangu utotoni haimsaidii, kwa sababu anachotafuta ni kile kilichoandikwa pembeni mwa daftari la ubatizo baada ya siku ile: Kipaimara, na ndoa kama ilikuwepo.

Binamu yangu alibatizwa Mumias na mumewe Machakos. Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja aombe sasa hivi daftari lake litazamwe, ingawa cheti chenyewe wasikichukue bado, kwani viza ikichelewa, ile miezi sita ya cheti itakwisha bure. Wanachotafuta sasa ni makosa. Kuna watu wengi kwetu ambao daftari linawaita Yohana na kitambulisho John, au ambao jina la baba liliandikwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine, au mwaka wa kuzaliwa ulisogezwa shule ilipohitaji usogezwe. Paroko wa Mumias anaelewa mambo hayo kwa maelezo mafupi, hasa mama mzazi akiwa ameketi mbele yake. Karani wa parokia huku haelewi, wala si kosa lake. Yeye anaona majina mawili na anadhani ni watu wawili. Pamoja na cheti hicho watahitaji barua ya paroko wa Umoja inayothibitisha kwamba binti yenu hajawahi kufunga ndoa nyingine kanisani. Kama hajapata Kipaimara, basi akipate huko, ambako mafundisho atayafuata kwa lugha yake.

Jambo ambalo watu wetu hawaambiani ni kodi ya kanisa. Mgeni anapoandikisha makazi yake kwenye ofisi ya mji, fomu humwuliza dini. Akiandika Mkatoliki na akawa na kazi, kila mwezi hukatwa asilimia 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko, si ya mshahara bali ya kodi ya mapato. Anayelipa kodi ya mapato ya euro 400 huku Köln atakatwa euro 36 zaidi. Inauma, sifichi, hasa kwa mtu aliyezoea kutoa sadaka kwa kadiri ya mfuko wake. Ndiyo maana wenyeji wetu huwanong'oneza wageni waandike kwamba hawana dini, na wengine waliokwisha kuandikishwa huenda kutangaza rasmi mbele ya serikali kwamba wamejitoa katika Kanisa. Halafu siku ya harusi inakaribia. Kwa agizo la maaskofu wa Ujerumani la mwaka 2012, aliyejitoa kwa namna hiyo hapewi sakramenti, na akitaka ndoa kanisani lazima askofu atoe ruhusa. Aliyeandika tu kwamba hana dini yuko katika hali nyepesi kidogo, lakini naye atajikuta akimweleza paroko kwa nini anadai huduma katika Kanisa alilolikana kwenye karatasi. Binamu yangu aandike Mkatoliki tangu siku ya kwanza, na mumewe, kama aliandika vingine, arekebishe kabla ya kwenda kuomba tarehe.

Wengine kati yenu mmeniuliza kwa niaba ya mabinti wanaoolewa na Wajerumani, na hapo mambo hubadilika. Mchumba Mlutheri si tatizo kubwa: kibali kinaombwa, na upande wa Katoliki huahidi kushika imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa. Asiyebatizwa kabisa, na mashariki ya Ujerumani hao ni wengi, huhitaji ondoleo maalumu la kizuizi kutoka kwa askofu, la sivyo ndoa ni batili. Aliyeachana na mke ni habari nyingine, maana talaka ya mahakama ya serikali haimfungulii mlango. Linalowashangaza wengi ni kwamba, ikiwa mtu huyo ni Mlutheri aliyemwoa Mlutheri mwenzake kwa msajili tu, bila kukanyaga kanisani, Kanisa Katoliki huichukulia ndoa ile kuwa halali, kwa sababu sharti la kufunga mbele ya padri linawabana Wakatoliki, si wao. Itabidi mahakama ya Kanisa ichunguze kama ilikuwa batili tangu mwanzo. Papa Fransisko alifupisha utaratibu huo mwaka 2015 kwa kuondoa sharti la hukumu mbili zinazokubaliana, lakini bado ni kesi yenye mashahidi na hati, na hakuna paroko anayeweza kukuahidi tarehe ya harusi kabla haijaisha. Wazazi wetu huuliza kwanza mchumba anafanya kazi gani. Mimi ningewashauri waanze kwa kumwuliza alimwoa nani zamani, wapi, na mbele ya nani.

Wala tusijifanye kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwanamume aliyepeleka mahari kwa akina fulani na kuacha mtoto huko, halafu akaenda kwa AG na mwingine, ataulizwa pia, na padri hawezi kuendelea bila ruhusa ya askofu mtu akiwa bado ana wajibu kwa mwenzi wa awali au kwa watoto. Ni afadhali swali hilo liulizwe Umoja, matangazo ya ndoa yakisomwa kanisani mbele ya watu wanaomjua, kuliko kuja kulisikia huku kutoka kwa jamaa aliyepiga simu.

Je, ni rahisi? Kwa fedha, ndiyo. Hakuna kamati ya harusi, hakuna kadi za michango, na hakuna mtu anayetarajia kulishwa kwa sababu tu alipita karibu na ukumbi. Wageni wachache walioalikwa kwa majina hufika kwa saa, hula, na kwenda zao. Padri atawaita kwa mazungumzo, atawasaidia kuchagua masomo, na nyimbo za Misa za Kiswahili atazikubali vizuri mkimwonyesha maneno yake mapema. Wakitaka, wanaweza kutumia mkalimani wakati wa kupeana ridhaa, kwani sheria inaruhusu, au kuomba padri wa jumuiya ya wanaosali kwa Kiingereza, ambazo miji mikubwa kama Berlin, Frankfurt na München inazo. Hata hivyo kile Kijerumani anachojifunza sasa pale Goethe-Institut kwa ajili ya cheti cha A1, yaani kiwango cha kwanza cha lugha, kisiishie kwenye mtihani wa viza. Kwa moyo si rahisi hata kidogo. Kanisa lenye nafasi ya mamia likiwa na watu ishirini mbele, bila vigelegele, bila mama zako nyuma yako, humfanya bibi harusi ajione kama aliyekuja kusaini fomu nyingine tena. Nawaambia mapema ili asije akalia siku ile akidhani kuna kilichoharibika.

Kuna binti wa jumuiya aliyeandika kuhusu Italia, kwa sababu ya picha alizoziona. Yawezekana nako, ila faili litajazwa huku, lipitie ofisi ya askofu wa huku na ya askofu wa kule, na kila kituo kina mhuri na foleni yake. Mimi nisingejisumbua.

Kuhusu ninyi kuhudhuria, hesabuni hivi. Kila mtu mzima huomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa ada ya euro 90, akiwa na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000, uthibitisho wa fedha, na sababu za kuridhisha za kurudi Kenya. Mwenyeji anaweza kuweka sahihi ya kubeba gharama zenu, lakini mshahara wake utatazamwa, na mtu mmoja hawezi kuwabebea watu kumi. Mama na baba wawe wa kwanza, na wengine waje kama uwezo upo. Mashahidi wawili si lazima watoke Nairobi, na sheria haiwadai hata wawe Wakatoliki, kwa hiyo msigombee nafasi hiyo mkidhani bila ninyi ndoa haifungwi.

Kama mume angepata likizo ya wiki chache kabla ya viza kutoka, ningewaambia wafungie ndoa hapo hapo Umoja, asubuhi ya siku yoyote ya juma, mbele ya paroko na mashahidi wawili, na sherehe ije baadaye. Kwa kuwa hatapata, waifunge huku ndani ya mwaka wa kwanza, hata ikiwa ndogo. Nawafahamu waliosubiri wapate fedha za harusi kubwa, na mtoto akazaliwa, na wa pili, nao bado hukaa kwenye benchi wakati wenzao wanakwenda kukomunika.

Mama mdogo ameuliza kama wakija likizo Nairobi wanaweza kufunga tena ili kijiji kione. Hawawezi, kwa sababu ridhaa ikishatolewa kanisani imetolewa, na paroko wa huku atakuwa amekwisha kutuma taarifa Mumias na Machakos iandikwe kwenye madaftari. Wanachoweza ni kuomba Misa ya shukrani, wavae wanavyotaka, na baada ya Misa mpike na kuchangishana mnavyozoea. Kwa sherehe hiyo hata mimi natuma mchango wangu kwa M-Pesa.