Umepangiwa kuandika takwimu za soka la wanawake chuoni Marekani? Pitia hapa kwanza

Wadogo zangu mnaofika Marekani Agosti hii na kupangiwa kazi kwenye ofisi ya habari za michezo ya chuo, nianze na meza. Utakaa juu kwenye kibanda cha waandishi, kompyuta mbele yako, mwenzako pembeni anatazama uwanja kwa darubini na kukutajia namba za jezi: "Saba kwa kumi na tisa, krosi, kichwa, kipa kadaka." Wewe unabonyeza. Dakika tisini hivyo hivyo. Agosti utatokwa jasho, Novemba vidole vitakufa ganzi, na hakuna atakayekujua jina. Ila kila heshima atakayopata binti yeyote wa timu ile, iwe mchezaji bora wa wiki au tuzo kubwa kuliko zote, itapita kwanza kwenye vidole vyako.

Mimi nimeifanya kazi hiyo misimu mitatu. Niliipata kwa sababu ya kawaida tu: visa ya mwanafunzi inaruhusu kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na nafasi za maktaba zilikuwa zimejaa. Wakaniuliza kama naujua mpira. Nikawaambia nimekulia Tanga, na mzee wangu ni Coastal Union damu. Bosi hakuelewa hata neno moja, akanipa fulana. (Hizo saa 20 zihesabu mwenyewe kila wiki. Wiki yenye mechi mbili na safari zinaisha bila kujua, na ofisi haitakukumbusha.)

Kabla hujashika chochote, elewa heshima zenyewe zinavyopanda. Vyuo hucheza ligi kwa makundi yanayoitwa konferensi, kama ACC au Big Ten, na kila wiki konferensi hutaja wachezaji wake bora. Msimu ukielekea mwisho makocha wa konferensi huchagua kikosi bora. Kisha kuna kikosi bora cha kanda, halafu cha nchi nzima, yaani All-American, ambacho husimamiwa na chama cha makocha, United Soccer Coaches, kilichoanzishwa mwaka 1941 na kwa miaka mingi kikajulikana kama NSCAA. Juu kabisa iko MAC Hermann Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa soka la vyuo, ile yenye mpira wa kioo, inayotolewa St. Louis. Wanaume walianza kuipata mwaka 1967. Wanawake walisubiri hadi 1988, akaichukua Michelle Akers wa Central Florida. Ukitaka kujua uzito wake, soma majina yaliyofuata, wote nyota wa timu zao za taifa: Kristine Lilly, Mia Hamm mara mbili mfululizo 1992 na 1993, Christine Sinclair wa Portland 2004 na 2005, Catarina Macario wa Stanford 2018 na 2019.

Sasa fikiria. Divisheni ya kwanza ya wanawake ina timu zaidi ya 300. Wanaopiga kura ya Hermann ni makocha wa divisheni hiyo hiyo, nao wana timu zao, safari zao na majeruhi wao. Kocha aliyeko Oregon amemwona binti wa Florida mara ngapi? Pengine hajamwona kabisa. Anachokipigia kura ni karatasi. Bao moja likiandikwa vibaya huku Septemba, kule Desemba linasomwa kama ukweli.

Hili nilijifunza kwa aibu. Kwenye soka la vyuo bao linaweza kuwa na asisti mbili: aliyetoa pasi ya mwisho, na aliyetoa pasi iliyotangulia kama nayo ilichangia moja kwa moja. Bao lina pointi 2, asisti ina pointi 1. Mimi nilikuja na mpira wangu wa Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, bao moja asisti moja, basi. Mechi ya nne ya msimu wangu wa kwanza, beki wetu wa kulia alimpokonya winga mpira, akapiga pasi ndefu ya chini iliyokata timu nzima, kiungo akagusa mara moja, straika akafumania nyavu. Nikaandika asisti ya kiungo peke yake. Jumatatu asubuhi tukapeleka majina kwa ajili ya mchezaji bora wa wiki upande wa ulinzi, na beki wetu akaenda na asisti moja badala ya mbili. Aliyechaguliwa alikuwa wa chuo kingine. Jumanne kocha msaidizi akaangalia video, akaja na kompyuta yake mkononi, akanionyesha lile bao bila kusema neno. Tulirekebisha kumbukumbu, lakini tuzo ya wiki hairudishwi. Yule beki alinisalimia vizuri tu wiki nzima, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo soma kitabu cha kanuni za takwimu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, usiku wa kuamkia kazi, hata kama umecheza mpira tangu utoto. Wana mambo yao. Nilipokuwa kazini, saa ya ubaoni ilihesabu kurudi nyuma, kutoka 45 kwenda sifuri, wakati bao huandikwa kwa dakika zilizokwisha kuchezwa. Mchezaji aliyepumzishwa anaweza kurudi uwanjani kipindi cha pili, kwa hiyo dakika zake lazima uzifuatilie mmoja mmoja. Na takwimu rasmi ni zile za timu mwenyeji. Mkiwa ugenini, mtu mwingine ndiye anawaandikia wachezaji wenu, kwa hiyo mwombe ripoti kabla hamjapanda basi.

Kuna kishawishi kingine, kinyume cha kosa langu. Mkiwa nyumbani ni rahisi kumpa binti yenu asisti ya huruma, mpira uliomgonga mguu tu ukaenda. Usifanye. Video zipo, makocha wa timu pinzani wanazitazama, na wao ndio wapiga kura.

Tuje kwenye mabeki, maana hapa ndipo kazi yako inaonekana. Washambuliaji wanajitangaza wenyewe. Mwenye mabao 18 hahitaji insha yako. Lakini beki wa kati anaweza kucheza mechi 20, dakika karibu zote, akamaliza msimu na pointi 3, na kwenye jedwali akaonekana sawa na mtu wa benchi. Heshima imewahi kuwafikia wa namna hiyo. Kadeisha Buchanan, beki kutoka Canada, aliichukua Hermann mwaka 2016 akiwa West Virginia, mwaka ambao chuo chake kilifika fainali. Jaelin Howell wa Florida State aliichukua mara mbili, 2020 na 2021, na alikuwa kiungo mkabaji, kazi yake kukata mipira. Ila angalia: Buchanan alikuwa tayari na medali ya shaba ya Olimpiki ya Rio, na mwaka mmoja kabla alikuwa mchezaji bora kijana wa Kombe la Dunia. Wapiga kura walikuwa wameshamwona kwenye televisheni. Beki wa chuo chako huenda hajaonekana popote.

Msimu wa pili nilipewa nimwandikie mapendekezo beki wetu wa kati. Nikaandika kurasa mbili. Ni kiongozi, anajituma, ana moyo wa simba, nguzo ya timu. Bosi akachukua kalamu nyekundu akafuta kila kitu, akaniuliza swali moja: "Wapinzani wenu, straika wao alikuwa nani?"

Nikarudi kwenye ripoti za mechi. Nilichukua kila mechi, nikaandika jina la mshambuliaji hatari wa upande wa pili, mabao yake ya msimu mzima, kisha mashuti yake dhidi yetu. Ilinichukua jioni tatu na chupa nzima ya chai ya tangawizi. Ikatokea kwamba watatu kati ya wafungaji watano wa juu wa konferensi walikuwa wamecheza dhidi ya huyu dada, na wote watatu kwa pamoja walikuwa wamepata shuti moja tu lililolenga lango. Halafu nikatafuta mechi mbili alizokosa kwa maumivu ya nyama za paja. Kwenye hizo mbili tuliruhusu mabao matano. Insha mpya ikawa na mistari sita, haina simba wala nguzo. Aliingia kikosi cha kwanza cha konferensi na kikosi cha tatu cha kanda. Kikosi cha nchi hakuingia, na nadhani alistahili, lakini hilo halikuwa mikononi mwangu.

Kipa naye usimwandikie idadi ya michomo aliyookoa peke yake. Kipa wa timu dhaifu huokoa mingi kwa sababu anapigiwa mingi.

Wanaohama vyuo watakupa kazi ya ziada. Siku hizi kuhama ni jambo la kawaida, na rekodi ya mtu inakuwa imekatika vipande viwili au vitatu. Mfano mzuri ni Onyi Echegini wa Nigeria. Alitoka Mississippi State, akacheza msimu wa 2023 Florida State, timu ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Stanford 5-1, akashinda Hermann, kisha akaenda Juventus. Mtu wa namna hiyo akifika kwenu, usingoje Novemba kutafuta takwimu zake za chuo cha zamani. Andika barua pepe wiki ya kwanza, kwa adabu, kwa kijana mwenzako wa ofisi ya kule. Naye anapokea mshahara mdogo kama wako.

Na majina. Hapa sina mzaha. Jina langu linaanza na "Mw", na kwa miaka mitatu nimeitwa vitu ambavyo bibi yangu angevikataa mahakamani. Kwa hiyo nilipokabidhiwa orodha ya wachezaji sikukubali mtu yeyote asomwe ovyo kwenye kipaza sauti. Siku ya kupiga picha za timu, Agosti mwanzoni, nilikaa mlangoni na simu, kila binti akatamka jina lake mwenyewe, nikarekodi, kisha nikamwandikia mtangazaji silabi kwa silabi. Alama za juu pia ziandikwe. Raquel Rodríguez wa Costa Rica, aliyefunga bao pekee la fainali ya 2015 na kuipa Penn State ubingwa, ana alama yake juu ya "i". Anne Mäkinen wa Finland, aliyeshinda Hermann mwaka 2000 akiwa Notre Dame, ana nukta zake mbili. Programu ya takwimu itakataa au itazigeuza kuwa alama za ajabu. Pambana nayo.

Tuzo za kitaaluma zipo pia, na ni nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hizo kumbuka kitu kimoja: alama za mwanafunzi si zako kuzitangaza. Sheria ya mwaka 1974 inazilinda. Pata ridhaa yake kwa maandishi, hata kama ana alama za juu kabisa na unaona fahari kwa niaba yake.

Siku itakayokuchosha kuliko zote si fainali. Ni ile mechi ya mwisho ya nyumbani, kwa kawaida Oktoba mwishoni, wanapoagwa wa mwaka wa mwisho. Kila mmoja anatembea hadi katikati ya uwanja na watu wake, anapewa maua na jezi iliyowekwa kwenye fremu, mtangazaji anasoma maneno uliyoyaandika wewe. Mabinti wengi hawatapata tuzo nyingine yoyote. Yule wa benchi, aliyecheza dakika 40 kwa miaka minne, hiyo ndiyo heshima yake yote, na mama yake amesafiri saa kumi kwa gari kuja kuisikia.

Fomu yetu ilikuwa na mistari miwili: jina la baba, jina la mama. Dada mmoja aliirudisha ikiwa wazi. Nikamwandikia mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikamwambia muda unaisha. Akaja ofisini, akasimama, akasema amelelewa na bibi yake, na hakujua aandike wapi. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi. Nimesoma shule nzima na fomu za namna hiyo, nikaandika jina la mtu nisiyemjua kwa sura ili mwalimu asinirudishe nyumbani. Na bado nilikuwa nimempa mwenzangu fomu ile ile.

Jioni hiyo niliifuta ile mistari miwili nikaweka swali: Nani atakusindikiza? Bibi alikuja, na kofia ya timu, na fimbo. Kutoka mstari wa pembeni hadi katikati walitumia muda mrefu kuliko wote, mtangazaji akamaliza kusoma wakiwa nusu ya njia. Mwaka uliofuata niliandika kwenye maelezo ya mtangazaji, kwa herufi kubwa: ANZA KUSOMA WAKISHAFIKA.